Kilo Arobaini na Nane

Gunia lililowekwa kwenye mizani ya kituo cha chai halikuwa na jani hata moja la chai. Lilijaa mahindi, na Chepkosgei, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa amelipandisha mlima mzima mgongoni.

"Ni ngapi?" aliuliza akihema.

"Arobaini na tano, gogo." Judy, karani wa mizani aliyemwita kila bibi mzee gogo, alikuwa na wiki mbili tu kituoni. "Lakini hapa hatununui mahindi."

"Siuzi. Nilitaka kupima tu. Imebaki kilo tatu."

"Nasikia uko na kijana kwako. Si akubebee hii mzigo?"

"Kipkurui ako nyumbani," alijibu Chepkosgei, akajitwika tena gunia lake.

Wanawake waliokuwa wakichambua majani waliangua kicheko. Mmoja akamuuliza kama amepata mzee huko Fort Ternan, maana mwili anaujenga kweli kweli. Chepkosgei naye alicheka, kwa kuwa kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Moyoni hakuwa na kicheko chochote. Aliogopa kufa. Hofu ilimwingia Januari, siku mgongo ulipomgomea, akaanguka chini na kukaa pale sakafuni tangu asubuhi hadi saa kumi jirani yake Nyaberi aliposikia sauti. Mumewe alikuwa kaburini. Binti yake aliyeolewa Londiani alishamwambia wazi asimtegemee kwa lolote.

Daktari wa hospitali ya Kaplong alimkuta na presha ya kutisha, na sukari nayo ilikuwa inapanda. Punguza chumvi, alimwambia, acha sukari, tembea kila siku. Wazee wengine huitikia vizuri, na wakifika stendi wameshaagiza chai na mandazi. Chepkosgei alishika kila neno. Alikula ugali wa wimbi na mboga ya managu isiyo na mafuta. Chai aliinywa bila sukari, akikunja uso kila asubuhi, na alikuwa ameizoea ya vijiko vinne. Gunia lilikuwa wazo lake mwenyewe. Alianza na kilo ishirini, na kila mwezi akaongeza gorogoro mbili za mahindi, kopo moja kilo mbili, hata magoti yakilia.

Kanisani mchungaji alimsimamisha mbele ya watu. "Mnaona vile mama anapenda maisha?" Watu wakapiga makofi. Chepkosgei aliangalia chini.

Mwezi wa nane, Robert, nesi wa zahanati, alifika kwake na mashine ya presha. Alimfunga mkono, akapima mara mbili, kwa sababu hakuamini.

"Mama, ukiendelea hivi tisini utafika."

"Tisini," alisema Chepkosgei polepole. Alihesabu kwa vidole na uso wake haukufurahi. "Haitoshi. Sasa mwangalie yule mwingine."

Robert akaingia chumba cha ndani kumpima Kipkurui. Mwana huyo wa Chepkosgei alikuwa na miaka thelathini na minane na kilo arobaini na nane, na tangu azaliwe alikuwa hajawahi kusimama wala kushika kijiko.

"Huyu naye ako na moyo ya nguvu," Robert alisema akikunja mashine yake. "Umemtunza vizuri sana, mama. Huyu anaweza fika themanini."

Chepkosgei alimshukuru, akamsindikiza hadi getini kama inavyopasa.

Aliporudi ndani alipitisha mikono chini ya makwapa ya mwanawe, akavuta pumzi na kumwinua peke yake, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani. Kipkurui alicheka, maana alipenda sana kubebwa. Mama yake akampangusa mate, akamwekea paji la uso kwenye paji lake, na kuomba ombi aliloliomba kila siku tangu Januari.

"Baba, mchukue yeye kwanza. Hata kama ni siku moja tu, mchukue Kipkurui wangu kwanza."