Kiboko na Maji ya Hori

Wapokezi wa habari wamesimulia kwamba Kiboko, mzaliwa wa mito ya bara, alijenga kiwanda cha ngozi kando ya hori la bahari, na nyumba yake akaiweka upande wa juu.

Kaa, kibarua wake, akamwendea. “Bwana mkubwa, maji ya dawa unayomwaga yanatuchubua, na wanetu huko chini wanaugua. Tuchimbie shimo, yatuame humo.”

Kiboko akacheka. “Maji hushuka, ewe mwenda upande! Kwangu hayafiki.”

“Ya bara hushuka, bwana. Ya huku hupwa, kisha hujaa.”

Alasiri bahari ilipojaa, Kiboko alimkuta mwanawe horini akilia, ngozi imechubuka. Alishika jembe, akaenda kuchimba.

Msiba wa mwana wa Kaa ulikuwa kwake habari. Wa mwanawe ukawa elimu.