Sarafu Iliyovaa Kanzu

Salme alimwekea sonara sarafu mbili za kale za Kirumi. Moja aliachiwa na mumewe alipoondoka miaka kumi iliyopita. Ya pili ililetwa jana na mwanamume aliyesema ndiye mume huyo.

“Mume wa kweli ana sarafu ya kweli,” Salme alisema. “Ya huyu mgeni ikiwa bandia, namfukuza.”

Sonara aliziangusha kwenye jiwe. Moja ililia kama kengele, nyingine kama kopo. Akaikwaruza hiyo ukingoni. Chini ya fedha ikachungulia shaba.

“Hii imevaa kanzu tu, bibiye, ndani shaba tupu. Ndiyo ya mgeni wako?”

“Hiyo ndiyo niliyoachiwa,” Salme alinong'ona. “Basi aliyeniachia ndiye alikuwa bandia! Binti yangu nimezaa na nani?”

Nje, yule mgeni alikuwa amemshika binti huyo kidevu, akimgeuza uso taratibu huku na huku juani.