Sufuria ya Mama Hansa

"Nimeisugua kwa majivu mpaka inang'aa," Saumu alisema. "Mrudishie, unyamaze. Atajuaje?"

"Mimi ninajua," dada yake, Riziki, alijibu. "Nyumba ile hawali nyama kabisa. Alituazima tupikie wali wa hitima. Wageni walipozidi, nikaweka nyama ya ng'ombe humo kwa mkono wangu."

"Na ukimwambia? Ataitupa, na hatakusalimia tena."

Riziki aliinusa sufuria. Ilinuka majivu tu. Akaibeba, akavuka ua, akapiga hodi.

Mama Hansa alifungua akitabasamu, akanyoosha mikono yote miwili kuipokea. Riziki akarudi nyuma hatua moja.

"Usiiguse kwanza, mama," alisema. "Nilipika nyama humu."

Mikono ya Mama Hansa ilibaki hewani, viganja wazi.