Jina Jipya la Bakteria wa Kibuyuni

Siku hizi mlango wa nyumba hujifunga wenyewe ukimtambua ndani bakteria wa jamii iliyopigwa marufuku. Wetu ulijifunga asubuhi, na kosa ni langu. Ni mimi niliyelinganisha jeni na vimeng'enya vya bakteria wa maziwa ya mgando ya mama, nikathibitisha kwamba ni wa jamii hiyo, nikambadilisha jina.

"Basi, Cherop, mrudishie jina lake la zamani," mama alisema.

"Siwezi, mama. Halikuwa la kweli."

"Nikikitia kibuyu motoni?"

"Yumo hata matumboni mwetu. Mlango utafunguka akishatutoka."

Mama alicheka. "Huyu? Nimempokea kwa bibi, naye kwa mama yake."

Akatikisa kibuyu, akamimina vikombe viwili. Nilikunywa changu nikiutazama mlango.