Uwanja wa Tenisi wa Marlene

Dokta Haslam, mtaalamu wa miamba, alielekeza kifaa chake kwenye udongo wa uwanja wa tenisi, akasoma kioo, akapiga goti kama mtu anayechumbia.

"Ndio wenyewe! Udongo mweupe uleule. Setilaiti haijakosea hata hatua moja."

Marlene Duggan, mwenye ranchi, alijitupa mbele ya wavu. "Hapa utachimba ukishanizika, Daktari. Nyika nzima hii ya Murchison, nani mwingine ana uwanja kama huu?"

Uwanja ulikuwa kando ya kinu cha upepo kilichoacha kuvuta maji tangu kisima chake kiporomoke. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kiu, na wachimba visima walikuwa wamemtajia Marlene bei ya kumchekesha kwanza, kisha kumliza. Ukame wote huo, na mwanamke analilia tenisi! Haslam alimhurumia, kwa kadiri msomi wa kiwango chake anavyoweza. Kwamba hapakuwa na raketi hata moja hakuligundua. Raketi hazina madini.

Mwaka uliopita, mezani kwa Marlene huyuhuyu, alikuwa amemaliza mguu wa kondoo huku akifundisha bila kuulizwa jinsi setilaiti inavyotambua miamba kwa mwanga inaourudisha angani. Udongo mweupe wa aina fulani, alisema, huonekana kule juu kama taa, na chini yake mara nyingi kuna dhahabu. Clive, kaka yake Marlene, alisinzia. Marlene alimwongezea mgeni mchuzi, akamwomba arudie.

"Udongo huu mliuleta kutoka wapi?" Haslam aliuliza sasa, maana alikuwa mtaalamu makini.

"Kuuleta? Uko hapa tangu enzi za babu!"

Picha za miaka ya nyuma hazikuonyesha kitu mahali pale. Haslam alikuwa amezitupilia mbali: setilaiti za zamani, macho mabovu.

Marlene alilia, akatukana, mwishowe akasaini kibali cha kuchimba. Aliweka sharti moja tu, la kawaida huko: shimo likitoa maji badala ya madini, mwenye ranchi anaachiwa shimo hilo, pamoja na bomba lake.

"Maji!" Haslam alicheka. "Ukipata hata bahari, mama, chukua."

Mtambo wa kuchimba ulifumua wavu, mistari, kila kitu. Dhahabu haikupatikana hata ya kuzibia jino. Maji ndiyo yaliyoruka, yakamlowesha Haslam mpaka soksi. Alifungasha vyombo akiilaani miamba ya pale, ambayo kwa maoni yake haikuheshimu sayansi.

Marlene alimpungia mkono kwa majonzi mpaka vumbi la gari likatulia. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wakisukumana majini.

"Clive," alisema, "washa lori ukapakie tena ule udongo mweupe kule mlimani. Ng'ombe wa kusini nao wana kiu. Safari hii tutengeneze uwanja wa kriketi."