Mashine Inayoua

Mtaalamu alipowaambia wanawake wa Kaole kwamba mashine yake ya kusafishia maji ya kisima chao inaua, wote walivirudisha vikombe chini. Alikusudia vijidudu, ila hakuvitaja. Na kitenzi kinachoachwa bila mtendwa humwangukia aliye karibu.

"Kinachoua hakinywewi, mwanangu," mama mkwe alimnong'oneza Mwajabu. "Twende zetu."

Mwajabu hakuondoka. Mgongoni alimbeba mtoto aliyekuwa akiharisha tangu juzi, mwepesi kama kanga iliyoanuliwa. Maji ya kisima hichohicho yalikwisha kumtwaa ndugu yake mkubwa.

Aliiinamia mashine. Ndani ya chupa ya kioo, juu kidogo ya maji, mwanga wa umeme wa rangi ya zambarau ulikuwa ukichanua na kufumba, ukichanua tena, bila moshi wala kishindo. Ulitoa harufu ya radi iliyopiga mbali. Alikigusa kioo kwa kiganja, kilikuwa baridi.

"Si amesema inaua?" mama mkwe aliuliza.

"Ina ua, mama," Mwajabu alijibu, akiyatenga maneno taratibu. "Hebu tazama."

Bibi alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mjukuu, akakitwaa kikombe, akapiga bismillahi, akanywa yeye kwanza.