Ridhaa ya Marehemu

Profesa Lutfunnesa aliifunika ile picha kwa leso yake nyeupe, kama anavyofunikwa mtu uso akishakata roho. Kisha akamtazama Daktari Mostafiz aliyeketi mbele yake.

"Sahihi iko wapi?"

"Mwalimu, si nimekwambia? Mgonjwa alifariki."

"Na ndugu zake?"

"Hana. Mume alimkimbia uvimbe ulipoanza kuota, na watoto hakujaliwa. Sasa nani atie sahihi, mimi?" Daktari akacheka. Akacheka peke yake.

Nje mvua ya mji wa Rajshahi ilikuwa ikipiga mabati ya ukumbi bila kupumzika. Makala yenyewe aliyoileta daktari ilikuwa nzuri, Profesa hakukana. Daktari alikuwa amekata uvimbe ambao wengine waliogopa hata kuugusa. Picha zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mwanamke mwenye uvimbe wa shingo mkubwa kama boga, taya limepinda, macho yamezibwa kwa ukanda mweusi. Ya pili ni shingo tu, imepona, na kovu refu limeshuka kutoka sikioni hadi mtulinga.

Lakini fomu ya ridhaa ilikuwa tupu. Hapakuwa hata na alama ya dole gumba. Kwa miaka kumi na mmoja Profesa amelihariri jarida hilo la madaktari, na hajawahi kuchapisha picha ya mgonjwa ambaye hakukubali mwenyewe, au warithi wake.

Mwanamke wa chai aliingia na glasi mbili. Wote pale chuoni walimwita mama mdogo. Alianzia kufagia wodi, kisha akahamishiwa ofisini, na sikukuu zikifika yeye haendi popote. Ncha ya sari ameizungusha shingoni mara mbili, na joto lote lile. Profesa alimpenda kwa stara yake.

Daktari alipokea glasi bila kuinua macho, akaonja, akakunja uso.

"Mama mdogo, hii chai au dawa ya minyoo? Niletee nyingine. Sukari vijiko vitatu."

"Ndiyo, daktari."

Alipotoka, Daktari Mostafiz alishusha sauti. "Mkuu wa chuo amekupigia simu mara mbili, sivyo? Makala isipotoka toleo hili, mimi sipandi cheo. Na yule ni baba mkwe wangu, Mwalimu. Anasema kiti chako kuna watu wanakimezea mate."

Nyumbani kwa Profesa palikuwa na vyumba viwili na redio. Tangu kumzika mumewe, siku ya Ijumaa ofisi ikifungwa, huweza kufika magharibi bila kusikia mtu akilitaja jina lake. Hapa angalau mlango hugongwa.

"Mgonjwa ameshakwenda," akasema daktari akiinuka. "Maiti haoni haya. Nitakungoja ukumbini, usali kwanza, kisha unipe jibu."

Profesa alitandika msala nyuma ya meza akasali adhuhuri. Alipokwisha kutoa salamu hakuinuka. Alijiona mwenyewe amelala juu ya ubao, wanawake asiowajua wanamkosha. Akajiuliza ni nani atakayekuwapo mlangoni siku hiyo, aseme: huyu mfunikeni, msimwache watu wakamtazama hivyo.

Mama mdogo akarudi na glasi ya daktari, akamkuta bado yuko chini.

"Mama mdogo, wewe una ndugu?"

"Nilikuwa nao, dada."

"Ukifa, nani atakusemea?"

"Makubwa! Chai bado ya moto, wewe unanizika?" Akatabasamu, akampa mkono akamwinua.

Profesa aliketi, akafungua kalamu. Alijua anachokiandika ndicho kitakachomtoa kwenye kiti hicho na kumrudisha kwenye vile vyumba viwili. Akaandika hata hivyo, juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Akafunga karatasi zote kwa uzi.

"Mpelekee daktari. Ukirudi, nisaidie kukusanya vitabu vyangu."

Mama mdogo, ambaye hakujua kusoma, aliyatazama yale maandishi. "Umemwandikia nini, dada?"

"Kwamba picha ya mgonjwa wake haitoki. Mwenyewe hakuulizwa, na sasa hawezi kuulizwa tena. Aliyekufa naye ni mtu."

"Hata kama hana wa kumsemea?"

"Huyo ndiye hasa."

Mvua ilikuwa imepungua. Sauti ya daktari ilisikika ukumbini, akizungumza kwenye simu na kucheka. Mama mdogo akazitia zile karatasi kwapani. Kisha, polepole, akaanza kuifungua sari shingoni mwake, mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili, mpaka Profesa akaliona kovu, kutoka sikioni hadi mtulinga.

"Nitampelekea," akasema, akiichukua ile glasi. "Na nitamwambia marehemu amemtilia vijiko vitatu, kama alivyoagiza."